Vita vya Sudan vinatokana na nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu Aprili 2023, kila Sudan inapotajwa kwenye taarifa ya habari, huulizwa maswali yale yale: msibani, kwenye daladala, kwenye makundi ya WhatsApp. Nimeyakusanya hapa. Mengine yanajibika kwa mistari michache, mengine yanataka mtu akae kitako.

Kwa ufupi kabisa, wanagombania nini?

Majeshi mawili yanagombania dola moja. Upande mmoja ni jeshi la taifa chini ya Jenerali Abdel Fattah al-Burhan. Upande wa pili ni Kikosi cha Msaada wa Haraka, RSF, cha Mohamed Hamdan Dagalo, ambaye karibu kila Msudani humwita Hemedti. Desemba 2022 wote wawili walitia saini makubaliano ya kurudisha serikali ya kiraia, na RSF ilitakiwa iingizwe ndani ya jeshi. Jeshi likasema miaka 2 inatosha. Hemedti akataka 10. Hawakukubaliana pia nani atapokea amri kwa nani katika muda huo. Risasi zikaanza kulia Khartoum asubuhi ya Jumamosi, 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, watu wakiwa wamefunga.

Hiyo ni sababu ya siku ile. Haielezi kwa nini moto ulioanzia kambi za jeshi za Khartoum ulifika kwenye visima vya Darfur, magharibi mwa nchi, ndani ya siku chache, na kwa nini huko uliwaka vibaya zaidi.

Ilikuwaje nchi moja ikawa na majeshi mawili?

Watawala wa Khartoum walizoea kupigana vita kwa kukodi. Katikati ya miaka ya 1980, vita vya Kusini, ambayo leo ni nchi ya Sudan Kusini, vilipopamba moto, serikali iliwapa bunduki vijana wa Kibaggara, Waarabu wafugaji wa ng'ombe, wavamie vijiji vya Wadinka wa Bahr el Ghazal. Vijana hao waliitwa murahilin. Ujira wao ulikuwa ng'ombe walioporwa na watu waliotekwa. Serikali ilipata vita rahisi, na kwa kuwa hawakuvaa magwanda ya jeshi, ilipata pia la kusema mbele ya dunia.

Mwaka 2003 Darfur ilipoasi, mbinu ile ile ikarudiwa. Safari hii wanamgambo waliitwa Janjaweed. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa, kwa risasi na zaidi kwa njaa na maradhi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Rais Omar al-Bashir mwaka 2009, na ya pili, ya mauaji ya kimbari, mwaka 2010. Wanamgambo wenyewe hawakuvunjwa. Mwaka 2013 sehemu yao walipewa sare na jina jipya, RSF, na Januari 2017 bunge likawapitishia sheria yao. Bashir alikuwa akiogopa majenerali wake mwenyewe, akataka kikosi cha pembeni cha kumlinda. Husimuliwa kwamba alikuwa akimwita Hemedti "Himayti", yaani mlinzi wangu. Tarehe 11 Aprili 2019 mlinzi huyo alisimama pamoja na waliomwondoa.

Si ni Waarabu wanawaua Waafrika?

Swali hili ndilo naulizwa zaidi, na ndilo linalonipa kazi, kwa sababu lina ukweli ndani yake na bado linapotosha.

Anza na sura. Ukiwaweka mbele yako Mrizeigat, anayehesabiwa Mwarabu, na Mfur, asiyehesabiwa Mwarabu, mara nyingi hutawatofautisha kwa rangi. Wote ni weusi, wote ni Waislamu, wote husali kwa Kiarabu. Kinachowatenga ni nasaba wanayoidai, lugha ya nyumbani, na kama babu zao walifuata ngamia au walilima. Msomaji wa Pwani atanielewa upesi: kwetu nako "Mwarabu" limewahi kuwa jina la ukoo na la cheo, na mtu aliweza kulipata au kulipoteza bila ngozi yake kubadilika. Darfur ilikuwa hivyo hivyo. Mfur aliyepata ng'ombe wengi akahamia malishoni, wajukuu zake waliweza kuhesabiwa Wabaggara.

Halafu tazama wanaopigana. Burhan ni mtu wa bonde la Nile, upande wa Shendi, katika zile jamii za mtoni ambazo zimeshika madaraka tangu uhuru mwaka 1956: Wajaaliyin, Washaigiya, Wadanagla. Wao hujiita Waarabu. Hemedti ni wa Warizeigat wa kaskazini mwa Darfur, wafugaji wa ngamia, naye ni Mwarabu. Wako watu wa Khartoum wanaomdharau na kumwita mgeni kutoka Chad. Kwa hiyo wakubwa wote wawili wa vita hivi ni Waarabu, na kinachowatenga ni mtoni na jangwani.

Tena si Waarabu wote wa Darfur waliopigana. Mwaka 2003 Warizeigat wa kusini, wenye ardhi yao wenyewe, kwa sehemu kubwa walikaa kando serikali ilipotafuta wapiganaji. Wenye ardhi hawakuwa na cha kutafuta kwa jirani.

Ukweli uliomo ndani ya swali ni huu: bunduki ilipokwisha kugawiwa kwa kabila, kabila likawa hukumu ya kifo. El Geneina, mji mkuu wa Darfur Magharibi, katikati ya 2023, RSF na wanamgambo washirika wake waliwasimamisha watu barabarani wakawauliza wewe kabila gani. Aliyeonekana Mmasalit, yaani wa kabila la wakulima wasio Waarabu, alipigwa risasi. Gavana wa Darfur Magharibi, Khamis Abakar, mwenyewe Mmasalit, aliuawa 14 Juni 2023, na siku zilizofuata waliokimbia kwa miguu kwenda Adré nchini Chad, kama kilomita 30, waliviziwa njiani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba katika mji huo mmoja waliuawa kati ya watu 10,000 na 15,000. Anayesema "ni ugomvi wa malisho tu" anawadhulumu hao. Waliuawa kwa kabila lao.

Ugomvi wa ardhi unaanzaje hasa?

Chukua kijiji cha wakulima chini ya mlima wa Jebel Marra, Darfur. Mvua huanza Juni, uwele unapandwa kwenye udongo wa kichanga, na mavuno ni kama Novemba kuendelea. Wafugaji wa ngamia hushuka kutoka kaskazini kila mwaka kwa njia zao za mifugo, zinazoitwa murhal, ambazo upana na vituo vyake hujulikana. Kwa kawaida ya zamani kulikuwa na siku inayotangazwa, talaig, ambayo baada yake mashamba yote ni wazi. Ngamia wanaingia, wanakula mabua, wanaacha samadi. Mkulima anapata mbolea bure na mfugaji anapata lishe bure.

Sasa mvua ya kaskazini ikatike mapema. Mfugaji hawezi kungoja, anashuka Oktoba, na uwele bado umesimama. Mkulima aliyepata hasara mwaka jana ameshajihami kwa kuzungushia shamba miiba, zariba. Mwenzake amekwenda mbali zaidi na kuzungushia hata mbuga ambayo hakuilima, ili majani yake ayauze. Watu wa Darfur wana jina la uzio wa namna hiyo: zariba ya upepo. Mfugaji anafika usiku na ngamia 60 wenye kiu, anakuta njia aliyopita babu yake imezibwa. Ngamia mmoja anavunja miiba, wengine wanafuata. Alfajiri mkulima anakuta chakula cha mwaka kimekwisha.

Zamani asubuhi ile mashehe wa pande mbili wangeitwa, na wasuluhishi wanaoitwa ajawid wangekaa chini ya mti. Hasara ingepimwa kwa magunia, na kama damu ilimwagika, diya, fidia ya damu, ingepangwa na ukoo mzima ungechangia. Mfumo huo haukuwa wa haki kwa wote, kwa wanawake hasa, lakini ulizuia mauaji ya pili. Mwaka 1971 serikali ya Jaafar Nimeiri ilifuta utawala wa machifu na haikuweka kitu cha maana mahali pake. Mwaka mmoja kabla, sheria ilikuwa imetangaza kwamba ardhi yote isiyosajiliwa ni mali ya serikali, na Darfur karibu ardhi yote haikusajiliwa. Kisha vita vya Libya na Chad vikamwaga bunduki Darfur katika miaka ya 1980. Aliyekuwa anakwenda kwa ajawid na fimbo akaanza kwenda na Kalashnikov.

Chini ya yote hayo kuna neno moja la kulikumbuka: hakura. Masultani wa Darfur, ambao dola yao ilisimama mpaka Waingereza walipomuua Sultan Ali Dinar mwaka 1916, waligawa ardhi kwa hati zenye muhuri. Wafur, Wamasalit na Wabaggara wa kusini walipata ardhi zao. Wafugaji wa ngamia wa kaskazini hawakupata, kwa kuwa maisha yao yalikuwa ya kupita. Malisho yalipokuwa mengi hilo halikuwauma. Yalipopungua, wakajikuta ndio pekee wasio na pa kusema "hapa petu". Serikali ya Bashir ilipotafuta watu wa kupigana, iliwapata kati ya hao hasa, na ujira uliokuwa kila mtu anaufahamu ni ardhi ya watakaofukuzwa. Vijiji vilivyochomwa 2003 na 2004, vingi viliishia kukaliwa na watu wengine.

Basi chanzo ni ukame?

Ukame uliwasukuma watu wakabanana. Njaa ya 1984 na 1985 iliua watu wengi sana Darfur, na wengi waliohama kaskazini wakati ule hawakurudi. Mwaka 2007 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, aliandika kwamba mzozo wa Darfur ulianza kwa sehemu kama janga la mazingira, na tangu hapo watu wengi huishia papo hapo.

Mimi sikubali kuishia hapo. Mvua za miaka iliyotangulia 2003 hazikuwa mbaya kama za 1984, na nchi jirani zilizopigwa na ukame ule ule hazikuchoma vijiji vyao kwa ndege. Mvua haikumpa mtu yeyote bunduki na mshahara. Nimeiri naye, njaa ilipoingia, alikawia kuikiri, na kusingizia mbingu ni jambo ambalo kila serikali ya Khartoum imelipenda.

Kwa nini watu wa pembezoni wanalalamikia Khartoum?

Khartoum yenyewe ilijengwa na watawala wa Kituruki na Kimisri walioivamia nchi mwaka 1820 na 1821 wakitafuta dhahabu na watumwa. Bidhaa zikatoka pembezoni, zikapita mtoni, zikaondoka. Waingereza waliofuata walijenga reli, shule na mradi mkubwa wa pamba wa Gezira, uliofunguliwa 1925, na karibu vyote hivyo viliwekwa kati ya Nile Nyeupe na Nile ya Buluu na kuelekea kaskazini. Kusini ilifungiwa kabisa kwa sheria, na Darfur iliachwa ilivyo. Wakati wa kukabidhi vyeo kwa wazalendo, kati ya nafasi zipatazo 800, walizopewa watu wa Kusini hazikufika kumi. Kikosi cha Torit kiliasi Agosti 1955, hata uhuru haujafika.

Pamba ya Gezira nayo ilivunwa kwa mikono ya watu wa magharibi, waliokuja kama vibarua wakabaki kwenye vijiji vya makuti na matope viitwavyo kanabi. Vizazi vimepita, na wengi wao bado hawana ardhi. Januari 2025 jeshi lilipouchukua tena mji wa Wad Madani, wakazi wa kanabi walishambuliwa na kuuawa na watu wa upande wa jeshi, kwa tuhuma kwamba waliwasaidia RSF. Nalitaja makusudi, maana wako wanaodhani unyama una upande mmoja tu.

Dini haihusiki?

Ilihusika sana katika vita vya Kusini. Septemba 1983 Nimeiri alitangaza sheria za Kiislamu kwa nchi nzima, akiwa tayari ameivunja serikali ya Kusini iliyotokana na makubaliano ya Addis Ababa ya 1972. Mapinduzi ya 30 Juni 1989, ya Bashir na Hassan al-Turabi, yaligeuza vita hivyo kuwa jihadi. Lakini Darfur ni Waislamu watupu, na haikuwasaidia kitu.

Mafuta na dhahabu vimechangia nini?

Mafuta yaligunduliwa Kusini karibu na Bentiu mwishoni mwa miaka ya 1970, na Khartoum ikaanza kuchezea mipaka ili visima vibaki upande wake. Kusini ilipojitenga Julai 2011, baada ya kura ya maoni ambayo karibu asilimia 99 walisema ndiyo, iliondoka na kama robo tatu ya mafuta yote. Sudan ikabaki bila fedha za kigeni.

Mwaka uliofuata dhahabu ikapatikana Jebel Amer, Darfur Kaskazini. Maelfu wakakimbilia huko, wakichimba mashimo membamba ya kushuka kwa kamba, wakisafisha mchanga kwa zebaki mikononi. Aliyewahi kuona machimbo ya Geita au Migori anayo picha tayari. Mwanzoni mwa 2013 Warizeigat wa ngamia waliwashambulia Wabeni Hussein, wenyeji wa pale, ambao pia ni Waarabu. Mwaka 2017 Hemedti alimkamata Musa Hilal, kiongozi wa Janjaweed wa zamani, na machimbo yakawa yake. Mafuta yalihitaji bomba na serikali. Dhahabu inabebwa kwa Land Cruiser. Kuanzia hapo kamanda wa wanamgambo aliweza kujilipia jeshi lake bila kuomba hazina ya nchi.

Na maji ya Nile?

Katika vita hivi maji si chanzo kikubwa. Mkataba wa 1959 uliipa Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka na Sudan 18.5, na bwawa la Aswan likawahamisha Wanubi wapatao 50,000 kutoka Wadi Halfa, kidonda ambacho hakijapona. Hicho ni kisa cha kaskazini, kinastahili ukurasa wake.

Nani kutoka nje anachochea?

Umoja wa Falme za Kiarabu unatuhumiwa kuipa RSF silaha kupitia Chad. Unakanusha, ingawa wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema mapema 2024 kwamba tuhuma hizo zinaaminika. Sudan iliushitaki kwenye Mahakama ya Haki ya Kimataifa, na Mei 2025 kesi ikatupwa kwa kukosa mamlaka ya kuisikiliza. Jeshi nalo linaungwa mkono na Misri, na limepata droni za Iran na Uturuki. Dhahabu ya pande zote mbili kwa sehemu kubwa huishia Dubai. Kabla ya hapo, kuanzia 2015, maelfu ya wapiganaji wa RSF walipelekwa Yemen kwa fedha za Saudia na Falme za Kiarabu, na huko Hemedti alipata utajiri na marafiki.

Mapinduzi ya wananchi yaliishia wapi?

Maandamano yaliyomwangusha Bashir yalianza Atbara, mji wa reli, 19 Desemba 2018, mkate ulipopanda kutoka pauni 1 hadi 3. Yalikuwa ya ajabu kwa nidhamu. Kina mama wauza chai, wengi wao waliotimuliwa vijijini na vita vya milima ya Nuba na vya Darfur, waliwapikia vijana waliokesha mbele ya makao makuu ya jeshi. Vijana wa Khartoum waliimba kwamba nchi nzima ni Darfur. Tarehe 3 Juni 2019, kabla ya Idi, askari waliuvamia mkesha huo, wakaua zaidi ya watu mia moja na kutupa maiti mtoni. Waziri Mkuu Abdalla Hamdok alipewa serikali isiyo na mamlaka juu ya jeshi wala dhahabu, na 25 Oktoba 2021 Burhan na Hemedti, wakiwa bado wamoja, wakampindua.

El Fasher kulitokea nini?

RSF iliuzingira mji huo, ulio mkuu wa Darfur Kaskazini, kuanzia Mei 2024, ikachimba tuta la udongo kuuzunguka ili mtu asitoke. Kwa zaidi ya siku 500 chakula kilipungua mpaka watu wakala ambaz, mashudu ya karanga yanayobaki baada ya kukamua mafuta, ambayo huko ni chakula cha mifugo. Baadaye nayo yakawa adimu, na bei yake ikapanda. Tarehe 26 Oktoba 2025 mji ulianguka. Shirika la Afya Duniani lilisema zaidi ya watu 460 waliuawa katika hospitali ya uzazi ya Saudi. Wapiganaji walijirekodi wakiua. Tuta walilolichimba lilifanya kukimbia kuwe kugumu.

Sisi wa Afrika Mashariki inatuhusu nini?

Wanajeshi 7 wa Tanzania waliuawa Darfur Kusini 13 Julai 2013, wakilinda amani chini ya Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika. Makubaliano yaliyomaliza vita vya Kusini yalijadiliwa Machakos na Naivasha chini ya Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya, yakatiwa saini Nairobi 9 Januari 2005. Yaliwaacha Darfur nje, na watu wa Darfur waliona. Februari 2025 RSF na washirika wake walitia saini hati ya serikali yao Nairobi, na mwezi uliofuata Sudan ikazuia bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Na Wanubi wa Kibera, ambao neno lao "kibra", msitu, ndilo lililoipa mitaa ile jina, ni wajukuu wa askari waliotolewa Sudan na kukodishwa kwa vita vya wengine.

Watu wanaishije sasa?

Zaidi ya watu milioni 12 wamehama makwao tangu vita vianze. Waliobaki, wengi hulishwa na jirani zao. Kamati za mitaa zilizoandaa maandamano ya 2018 ziligeuka kuwa vyumba vya dharura, na kila mtaa wenye uwezo una takiya, jiko la pamoja. Asubuhi mtu wa mtaa hutafuta mtandao, mara nyingi kwa kulipia dakika chache za Starlink, aone kama ndugu aliyeko Jeddah, Doha au London ametuma kitu kwenye programu ya Bankak. Kikiwepo, linanunuliwa gunia la mtama au la dengu kwa mfanyabiashara anayepokea malipo ya simu, na masufuria yanapanda motoni. Watoto hupanga foleni na ndoo na mabakuli kabla jua halijawa kali. Ni asida, ugali wa mtama, na dengu. Wanaojitolea wamekamatwa na pande zote mbili, kila upande ukiwatuhumu kwamba wanaulisha upande wa pili, na baadhi yao wameuawa. Siku ambayo fedha haikuingia, jiko haliwashwi, na tangazo hubandikwa mlangoni ili watu wasisimame bure.